Jina la Aliyeketi Nyuma

Nimeuza muziki mjini Wote sehemu kubwa ya utu uzima wangu. Nilianza na kanda, zikaja CD, na siku hizi nawawekea nyimbo kwenye flashi na memori kadi wasafiri wanaosubiri matatu za Emali, Makindu na Machakos. Wateja wananijua kwa jambo moja. Mtu akiniimbia mstari mmoja wa wimbo wa Kikamba wa miaka ya 1970 au 1980, namwambia walioimba ni akina nani kabla hajamaliza. Nilijivunia sana kipawa hicho. Leo nataka kushuhudia jinsi Mungu alivyonifungua masikio nikiwa tayari nina mvi.

Nilikulia kwenye milima ya Kilungu. Kwa mjomba kulikuwa na redio ya betri, na Sauti ya Kenya ilipofika kwenye vipindi vya Kikamba, boma lote lilinyamaza. Ndipo nilipowasikia Kalambya Sisters. Kama hujawahi kuwasikia, ni sauti za wanawake nyembamba, za juu kabisa, zinazokwenda pamoja bila moja kuipita nyingine, na nyuma yao magitaa ya Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki. Wimbo wao wa Katelina, wa msichana mpenda pombe ya kienyeji, ulichezwa hata na watu wasiojua neno la Kikamba. Kulikuwa pia na Kyanganga Boys wa Peter Mwambi, na Kilimambogo Brothers wa Kakai Kilonzo, aliyeimba sana kwa Kiswahili na kupendwa mbali na kwao hadi alipofariki mwaka 1987. Sisi watoto kila mmoja alikuwa na kundi lake. Mimi nilikuwa wa akina dada.

Nilipopata kibanda changu steji, nilijua majina mengi. Waimbaji niliwajua, wapiga gitaa la solo niliwajua, hata wa besi baadhi niliwajua. Mpiga drams sikumjua hata mmoja, na haikunisumbua. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuwahi kujiuliza. Ukiniuliza wakati huo ningekwambia kupiga drams ni kupiga tu, kazi ya yeyote mwenye mikono na nguvu. Na haya yalikuwa mawazo ya Mkamba! Watu waliokwenda Bomas of Kenya kutazama ngoma zetu waliona wachezaji wakiruka na kupinduka hewani, na aliyewaamrisha waruke lini na watue lini ni mpiga ngoma. Nilizaliwa ndani ya hayo, na bado sikuona.

Sehemu ya upofu huo ilitoka kanisani, na nasema hivi nikilipenda kanisa langu. Niliokoka nikiwa kijana. Walionilea katika imani walitufundisha kwamba ngoma ni mambo ya dunia, ya ibada za kilumi na mapepo, ya kilabuni na uasherati. Sauti ya mtu ungeweza kuitetea, maana hata malaika wanaimba. Gitaa nalo lilikuwa limeshaingia kwenye kwaya. Ngoma ilibaki nje ya mlango. Kwa hiyo niliuza nyimbo za dunia ili nilishe watoto, na ndani ya nyimbo hizo nilichagua cha kusikia na cha kutosikia.

Kuna lingine la kuungama. Kanda nyingi nilizouza nilizirudufu mwenyewe kwa redio ya kanda mbili, asili upande huu na tupu upande ule. Karatasi ya kasha niliiandika kwa mkono: jina la kundi, majina ya nyimbo, namba yangu ya simu. Mwimbaji hakupata kitu. Mpiga drams hakupata kitu wala jina. Wengi steji tulifanya hivyo, lakini huu ni ushuhuda wangu, wao nawaachia wa kwao.

Mabadiliko yalianza kwa spika kuharibika. Stima ilikuwa imepotea asubuhi, iliporudi ikarudi kwa kishindo, na spika yangu kubwa ya mlangoni ikaungua nusu. Twita ilikufa, na ile ya katikati ikafa nayo, ikabaki wufa, ile ya sauti nzito, peke yake. Sikuwa na pesa za fundi wiki hiyo. Nikaweka wimbo wa Kalambya Sisters kama kawaida, na kilichotoka hakikuwa na dada hata mmoja. Sauti zao zilikuwa zimezama kama watu wanaoongea nyumba ya tatu. Kilichobaki ni besi, na chini ya besi, mguu wa mtu.

Nilisimama na kitambaa cha vumbi mkononi. Mguu ule ulikuwa ukikanyaga kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, bila kukimbia na bila kuchoka. Kisha, pale ambapo nilijua akina dada wanavuta pumzi ili waingie tena, nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu utoto wangu. Yule mtu alikuwa akiuzuia mguu kidogo. Aliacha pigo moja litoke jepesi, karibu lisitoke, halafu la pili likashuka kwa uzito wote. Mstari uliofuata ukafanya vivyo hivyo. Alikuwa akiwapa nafasi ya kuvuta pumzi, na alijua mahali kila mmoja wao pumzi ilipokuwa ikimwishia. Nilikuwa nimeupenda wimbo ule zaidi ya miaka ishirini nikidhani utamu wote ni wa koo zao.

Nilirudisha wimbo mwanzo. Mteja alikuja akasema spika yako imekufa, nikamwambia najua. Siku zile sikuitengeneza. Nilichukua kanda moja baada ya nyingine, nikazipitisha kwenye wufa ile. Nikaanza kuwatofautisha watu nisiowajua. Kuna aliyepiga ile ngoma ndogo yenye waya chini yake kwa kifundo cha mkono, pigo kavu linalokata. Kuna mwingine aliyeifanya iteleze, vijiti viwili vikikimbizana bila kukoma, mtindo wa kavacha uliotoka Kinshasa na kuteka bendi za Nairobi miaka ya 1970. Mpigaji wa Kinshasa angalau jina lake lilitufikia: Meridjo Belobi wa Zaïko Langa Langa anatajwa mpaka leo kila kavacha inapozungumziwa. Nikajiuliza, mbona Wakongo wanamtaja wao, na mimi, ninayekula kwa jasho la wangu, siwezi kumtaja hata mmoja?

Hapo ndipo mahangaiko yalipoanza. Nilidhani nitauliza watu wawili watatu na kumaliza. Nilianza na santuri zenyewe, zile ndogo za 45 ambazo wazee bado wanazo ndani ya masanduku. Lebo ina jina la wimbo, jina la kundi, jina la mtunzi, namba ya santuri na jina la kampuni. Wimbo ukiwa mrefu umekatwa sehemu mbili, ya pili ukigeuza. Nafasi ya kuandika ilikuwa ndogo, ni kweli, lakini hata kwenye majalada ya santuri kubwa, ambako nafasi ilikuwepo, mara nyingi niliona picha ya kundi na jina la kiongozi tu.

Nikajifunza kutafuta kwa njia nyingine. Katika benga, mtindo waliopiga makundi haya, kuna mahali sauti zinapumzika na magitaa yanapanda, na hapo mwimbaji huita watu: marafiki, wafadhili, vijiji, wenzake wa bendi. Nilikaa na daftari nikiandika kila jina linaloitwa hapo, halafu nikaanza kuuliza vijijini, huyu alikuwa nani? Wengi walikuwa marafiki wenye baa au magari. Wachache, wachache sana, walikuwa wapigaji. Na mara nyingi lililoitwa lilikuwa jina la utani, ambalo hata jirani wa mtu huyo hakulijua.

Ugumu mwingine ni jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa. Vijana walitoka Ukambani na basi la usiku, wakafika River Road, Nairobi, alfajiri, wakaingia studio, wakapiga wote pamoja chumba kimoja, wakarudi nyumbani na nauli. Drams ni mali ya gharama, na kundi lililokuwa na magitaa yake lingeweza kukosa drams zake. Basi zilikuwa za studio, za mtayarishaji au za mwenye baa, na mara nyingine pamoja nazo alikuja kijana wa hapohapo anayejua kuzipiga. Alilipwa mara moja, mkononi, akaenda zake. Kwenye picha ya kundi hayumo, kwa kuwa hakuwa wa kundi.

Niliwahi kupata familia mbili, moja karibu na Tawa na nyingine upande wa Kathonzweni, kila moja ikisema wimbo mmoja uleule ulipigwa na mtu wao. Nilirudi nyumbani nimeudhika nikidhani mmoja ananidanganya. Mzee aliyepiga gitaa siku hizo ndiye aliyenitoa gizani. Wimbo ule ulirekodiwa mara mbili, mara moja kwa ajili ya santuri na mara nyingine katika studio ya redio, na wapiga drams walikuwa tofauti. Familia zote mbili zilisema kweli, nami nilikuwa nimeshaanza kuwahukumu.

Nilitiwa moyo na mambo ya mbali. Niliona filamu ya mwaka 2002 kuhusu wanamuziki wa kampuni ya Motown ya Detroit, Marekani. The Supremes, The Temptations, Four Tops, dunia nzima iliimba nao, na nyuma yao lilikuwa kundi lilelile la wapigaji walioitwa Funk Brothers. Mpiga drams wao wa mwanzo, Benny Benjamin, alifariki mwaka 1969. Motown ilianza kuandika majina ya wapigaji kwenye jalada mwaka 1971, kwa albamu ya Marvin Gaye, What's Going On. Yule aliyekanyaga mguu kwa miaka yote ya mwanzo hakuiona siku hiyo. Lakini kule angalau chama cha wanamuziki kilidai karatasi za kurekodi zenye majina na malipo, na watafiti wanazichimbua leo. Kwetu karatasi ni watu wenyewe. Ketebul Music ya Nairobi ilipotoa mwaka 2008 ile kazi yao ya kufuata nyayo za benga, ililazimika kuwafuata watu hao walipo, na nilipoiona nilijua kwamba ninachokifanya kwa daftari ni kazi ya kweli, wala si wazimu kama jirani zangu walivyokuwa wameanza kusema.

Hata hivyo nilikaribia kuacha. Wapigaji wengi walikuwa wamekufa. Waliobaki, baadhi walikuwa wameokoka na hawakutaka kukumbushwa. Mmoja aliniambia mlangoni, mbele ya mkewe, kwamba ninamchanganya na mtu mwingine, huku kiganja chake kikipiga mlango kwa namna ambayo nilikuwa nimeisikia kwenye wufa yangu. Sikumlaumu. Mimi ni wa kanisa hilohilo. Niliondoka nikijua ni mahubiri ya watu kama mimi yaliyomfanya ajikane.

Kisha nikaelekezwa Kitui, kusini, upande wa Mutomo. Nilipitia Kibwezi, nikavuka Mto Athi, nikafika Ikutha jua likiwa kali, na kutoka hapo nikachukua pikipiki. Mzee niliyemkuta alikuwa akimenya mahindi chini ya mwembe. Ni mzee wa kanisa, na kijijini kwake wanamjua hivyo tu. Nilimwamkia, nikamweleza nimetoka Wote kuuliza kuhusu muziki wa zamani. Hakukana. Alimwita mjukuu alete kiti, akaniambia, "Keti, kijana wangu. Umechelewa lakini umefika."

Nilikuwa nimeazimia kuanza na ungamo, kwa sababu nyimbo zake nilikuwa nimeziuza. Nilimwambia yote: redio ya kanda mbili, karatasi za kasha, miaka. Nilimwambia sijui hata nimuombe msamaha kwa kiasi gani. Alisikiliza akiendelea kumenya. Nilipomaliza aliuliza, "Na watu walinunua?" Nikasema walinunua sana. Akauliza kama walicheza. Nikasema walicheza mpaka kwenye harusi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nilisikika. Mimi nilidhani iliishia River Road."

Sikustahili jibu hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ningeweza kuibeba. Aliagiza niletewe muthokoi, na kabla sijala akamwomba mjukuu jerikeni tupu ya lita 20 na kifuniko cha sufuria. Aliweka jerikeni katikati ya magoti, kifuniko akakiweka juu ya jiwe kushoto. Mguu wa kulia ukaanza kukanyaga udongo, kila pigo. Mkono wa kushoto ukagusa kifuniko kidogo sana, kwa ncha za vidole. "Watu wanadhani nguvu iko hapa," akasema akionyesha mguu. "Mguu hata mtoto anaweza. Kazi ni kuwasikiliza wanaoimba. Mimi sikuwa natazama gitaa. Nilikuwa natazama mabega yao. Bega likipanda, mtu anavuta pumzi, mimi napunguza." Akaimba kwa chini mstari mmoja, na pale penye pumzi mguu ukawa mwepesi, kisha ukashuka. Nilimwambia nimewahi kuisikia pumzi hiyo. Akanitazama kwa muda mrefu.

Nilimuuliza alifundishwa na nani. Akasema mama yake alikuwa mpigaji wa ngoma za kilumi, hizo zinazopigwa na wanawake wazee, za kuombea mvua na kutuliza mapepo. Alipokuwa mdogo alilala karibu na ngoma hiyo. "Mwaitu hakunifundisha," akasema. "Aliniacha nilale hapo." Nilijikuta nikitazama chini. Kile nilichofundishwa kukiogopa ndicho kilichoshikilia wimbo nilioupenda kuliko zote, na aliyeniambia hivyo alikuwa mzee wa kanisa, Biblia yake ikiwa dirishani nyuma yake.

Nilipotoa daftari niandike jina lake, alinizuia. Alisema liandikwe ndani ya daftari, lakini lisitoke kwenye gazeti wakati angali na huduma kanisani, kwa kuwa kuna wadogo ambao wangejikwaa. Nimelitii ombi lake hapa. Kisha akasema, "Andika kwanza majina ya wenzangu waliolala." Akanitajia. Alifumba macho na kunihesabia mtu na kijiji chake, Mutitu, Zombe, Mwingi, Mbumbuni, aliyepiga nini na nani, nani alikuwa wa studio na nani wa kundi, nani alipenda kukimbia mbele na ilibidi avutwe. Niliandika mpaka nikaazima kalamu ya mjukuu. Yale niliyoyatafuta kwa nauli na mikopo na magomvi nyumbani, alinipa bure, mimi niliyemuuza bila kumjua.

Tangu hapo kibanda changu kimebadilika kidogo kidogo. Wimbo nikiuweka kwenye flashi ya mteja, kwenye jina la faili naandika mwimbaji, kundi, na mpiga drams nikimjua kwa hakika. Baadhi huniuliza huyu wa mwisho ni nani, na hapo nafurahi, kwa kuwa ni swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza. Kurudufu bila ruhusa nimeacha, na mapato yamepungua, siwezi kuficha. Nimejifunza pia kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua msanii aliyetumbuiza, si mtunzi peke yake, na kwamba kuna chama cha wasanii watumbuizaji, PRISK, ambacho mpigaji wa chombo anaweza kujiunga nacho. Kwa wazee hawa maana yake ni kutafuta ushahidi: mwenzao aliye hai wa kusema tulikuwa pamoja, picha, barua. Nawasaidia kuandika yale wanayoyakumbuka na kutafuta shahidi. Mengine hayafiki mbali, lakini mzee akishaona jina lake limeandikwa kando ya wimbo, anaketi tofauti.

Kanisani kwetu kwaya ilirekodi majuzi, na kijana aliyepiga drams aliandikwa kwenye kasha pamoja na wengine. Hakuna aliyepinga. Mzee wa Mutomo nilimpelekea nakala kwa dereva wa matatu.

Ndugu msomaji, labda wewe nawe una sanduku la santuri la marehemu baba, au albamu ya picha ya miaka ya 1970 yenye vijana waliovaa suruali za miguu mipana, na nyuma yao yuko mmoja ambaye uso wake umefichwa nusu na toazi. Usiitupe. Geuza picha uone kama kuna maandishi nyuma. Muulize shangazi kabla ya Krismasi, usimwekee Krismasi nyingine. Ukimpata, muulize pia kama alikuwa wa kundi au wa studio, na nani mwingine alikuwepo chumbani siku hiyo. Mimi wiki hii narudi Ikutha. Kuna mjane huko ambaye ameniambia kwa simu kwamba ana vijiti viwili vya mumewe, na kwamba ana majina ya nyimbo zote alizopiga, yameandikwa kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati. Ameniomba niende kabla mwanawe hajalipaka rangi.